Pembetatu za 45 na za 30-60: jibu limegoma, shida iko wapi?

Hizi pembetatu mraba mbili, ile ya nyuzi 45-45-90 na ile ya 30-60-90, zinasumbua watu kwa namna ya ajabu kidogo, maana kanuni zenyewe ni fupi mno, mstari mmoja mmoja tu, na bado mtu anakokotoa nusu ukurasa halafu anatoka na jibu ambalo kule nyuma ya kitabu halipo. Afu anafuta yote anaanza upya, anafanya kosa lilelile, anapata lilelile, anahitimisha kwamba kitabu ndo kimekosea. Kitabu kinaweza kukosea kweli, sikatai, ila mara nyingi sio.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba jibu lako lenyewe baya linakwambia umekosea wapi. Hapa kosa halitoki hovyo hovyo, kwa sababu namba unazocheza nazo ni tatu tu: 2, ruti 2 na ruti 3 (ruti ni kipeuo cha pili, ile alama ya √). Kwa hiyo chukua jibu lako, ligawe kwa jibu sahihi kwenye kalkuleta, uangalie inatoka ngapi. Hiyo namba ndo dalili, tutaifuata moja moja.

Kwanza tuwekane sawa kwenye kanuni. Kwenye ya 45, pande mbili zinazokutana kwenye pembe mraba zinalingana, ziite x na x, hipotenusi, yaani ule upande mrefu unaotazamana na pembe mraba, ni x√2. Kwenye ya 30-60-90 upande mfupi ni x, huo unatazamana na pembe ya 30, upande wa kati ni x√3, unatazamana na 60, na hipotenusi ni 2x, inatazamana na ile 90. Basi. Ukisahau ndani ya chumba cha mtihani usikae unakuna kichwa, chora mraba wa upande 1 uukate kwa ulalo, Pythagoras anakupa ulalo wa √2 palepale. Halafu chora pembetatu sawa ya pande 2, 2, 2, shusha mstari katikati kutoka juu, kitako kinakuwa 1 kila upande, ule mteremko unabaki 2, na kimo ni ruti ya 3 (4 toa 1), yaani √3. Vile vipembetatu viwili vya plastiki kwenye mkebe wa jiometri ndo hivi hivi, ukiwa navyo vipime kwa rula utaona mwenyewe.

Sasa dalili.

Inatoka 2 kamili

Hii ndo inaongoza. Umepewa ya 45, hipotenusi 10, unatafuta upande, ukaandika 10√2, yaani kama 14.14. Jibu sahihi ni 5√2, kama 7.07. Gawanya, 2 kamili. Umezidisha kwa √2 pale ulipotakiwa kugawa, na kwa kuwa kuzidisha badala ya kugawa kunakupeleka mbali mara mbili, kosa lako ni √2 × √2, ambayo ni 2.

Chanzo chake ni mtu kukariri "ya 45 unazidisha ruti 2" bila kukariri unazidisha ukitoka wapi kwenda wapi. Unazidisha ukitoka upande kwenda hipotenusi. Ukirudi, unagawa. Dawa yake sio kukariri kanuni ya pili ya kurudi, maana ukienda hivo utafika kanuni sita na zote zitachanganyika siku usiyotaka, dawa ni kuandika mlinganyo mmoja kila mara: upande niliopewa ni sawa na jina lake kwenye uwiano. Hapa nimepewa hipotenusi, jina la hipotenusi ni x√2, kwa hiyo x√2 = 10, halafu x = 10/√2. Sasa mlinganyo wenyewe ndo unakulazimisha ugawe, hukumbuki kitu. Mi naona mtu akishika tabia hii moja, makosa mengi ya huku chini hayamkuti kabisa.

2 inaweza kutoka pia kwenye ya 30-60-90, pale mtu amesahau kukata hipotenusi nusu, kapewa 14 akaandika upande mfupi 14. Ila hiyo ni haraka tu, ukirudia unaiona. Kuna 2 nyingine ya tatu ya kwenye michoro ya pembetatu zilizounganishwa, tutaikuta mbele.

Inatoka 3 kamili, au 4

Ugonjwa uleule, dawa ileile, namba tu imebadilika. Kwenye 30-60-90 umepewa upande wa kati 9 unatafuta mfupi ukaandika 9√3, ambayo ni 15.59. Sahihi ni x√3 = 9, x = 9/√3 = 3√3, karibu 5.20. Na hata bila jibu la kitabu hapo ungeshtuka, upande "mfupi" wa 15.59 wakati wa kati ni 9, haiwezekani. 4 inatoka ukizidisha hipotenusi kwa 2 badala ya kuigawa, hipotenusi 14 na upande mfupi 28, hiyo ukiiacha ipite basi ulikuwa umechoka.

Inatoka 1.73, au kinyume chake 0.58

Hapa tukae kidogo maana ndo kosa linalowapata hadi wanaojua. 1.73 ni √3, na maana yake umebadilisha 30 na 60, upande wa kati umeuita mfupi au mfupi umeuita wa kati. Hesabu yako yote iko sawa, umeanza tu na upande usio wenyewe.

Sababu ya kwanza ni mchoro uliogeuzwa. Vitabuni mchoro wa kufundishia una kitako chini kimelala vizuri, pembe mraba kushoto, 30 kulia, na akili inazoea kwamba upande mfupi ndo ule uliosimama. Mtihani ukija unakuta pembetatu imelala kifudifudi, hipotenusi ndo iko chini, na mtu anaenda kwa mazoea. Usiangalie ulioegemea wapi wala unaonekana mfupi kiasi gani, michoro ya mitihani mingi haichorwi kwa kipimo na mara nyingine imeandikwa kabisa. Weka kidole kwenye pembe ya 30, halafu vuka katikati ya pembetatu mpaka upande wa pili ambao hauigusi hiyo pembe. Huo ndo x. Na kama kwenye mchoro wameandika 60 peke yake, andika ile 30 mwenyewe kwa penseli kabla hujagusa kitu kingine, watu wengi wanaona 60 wanaushika upande unaoigusa 60 wakidhani ndo unaotazamana nayo.

Sababu ya pili ni maswali ya maneno. Ngazi ya mita 6 imeegemea ukuta, inafanya nyuzi 60 na ardhi, inafika juu kiasi gani? Pembe ya 60 iko chini kwenye ardhi, inatazamana na ukuta, kwa hiyo ukuta ni upande wa kati: hipotenusi 2x = 6, x = 3, ukuta ni 3√3, karibu mita 5.20. Badilisha neno moja tu, "inafanya nyuzi 60 na ukuta", na ngazi inafika mita 3. Namba zote zilezile, jibu tofauti kabisa, na ukimuuliza aliyekosea anakwambia swali amelielewa. Chora. Hata mchoro mbaya wa sekunde tano unatosha, lakini pembe uiweke pale sentensi inapoiweka.

Ya tatu ni pale unapopewa upande wa kati na wewe kichwani unaamini ukipewa upande wowote basi hipotenusi ni mara mbili yake. Umepewa 9 inayotazamana na 60, unaandika hipotenusi 18. Sahihi ni 6√3, karibu 10.39. 18 gawa kwa 10.39, unaiona tena 1.73. Hipotenusi ni mara mbili ya upande MFUPI, sio ya upande wowote uliokaa karibu. Ukipewa wa kati hakuna njia ya mkato ya kwenda hipotenusi moja kwa moja, yaani ipo ila usiitumie, pitia kwa x kwanza halafu ndo uende kwenye hipotenusi.

1.15 kwenye upande mmoja na 0.87 kwenye mwingine

Hizi huwa zinakuja pamoja, kama una majibu mawili na moja limezidi kidogo na lingine limepungua kidogo basi ni hii. Umepewa mfupi 4, ukaandika upande wa kati 8 na hipotenusi 4√3. Umezigeuza 2 na √3. Chanzo nadhani ni vitu viwili, kwanza 60 ni mara mbili ya 30 kwa hiyo akili inasema na upande wake uwe mara mbili, na haiko hivo, pembe ikiongezeka mara mbili upande hauongezeki mara mbili. Pili ile alama ya ruti inatisha, mtu akiona √3 anahisi ni kitu kikubwa kuliko 2 ya kawaida. √3 ni 1.732 tu, ndogo kuliko 2. Panga kwa ukubwa: 1, halafu 1.73, halafu 2. Pembe nazo zipange: 30, 60, 90. Pembe ndogo na upande mdogo, pembe kubwa na upande mkubwa, zinaenda sambamba siku zote kwenye pembetatu yoyote ile.

1.22 au 0.82

Umechanganya pembetatu, ruti 3 umeipeleka kwenye ya 45, au ruti 2 kwenye ya 30-60. Upande 5 kwenye ya 45 ukaandika hipotenusi 5√3. Kukumbuka: ya 45 ina urefu wa aina mbili tu (x inajirudia), hiyo ni ruti 2, ya 30-60-90 ina urefu wa aina tatu, hiyo ni ruti 3.

1.41 au 0.71 peke yake: umesahau kabisa kuweka √2. Songa mbele.

Inatoka 1

Hongera, hukukosea. Na hii inaumiza watu sana kwa sababu mtu anafuta jibu sahihi. Umeandika 12/√2, kitabu kinasema 6√2, unaona ni vitu tofauti, kumbe ni kitu kimoja. Vitabu vingi havipendi ruti ikae chini kwenye asili ya sehemu, kwa hiyo zidisha juu na chini kwa ruti hiyohiyo: 12/√2 inakuwa 12√2 juu ya 2, inakuwa 6√2. Ile 8/√3 inakuwa 8√3/3, hapo 8 haigawanyiki kwa 3 kwa hiyo iache hivohivo, usianze kulazimisha. Na √18 ni 3√2, √12 ni 2√3, zile namba utakazozipata ukipita njia ya Pythagoras.

Humohumo ndo kuna makosa ya ruti zenyewe ambayo hayana uhusiano na pembetatu ila yanaiharibu. 3√2 × √2 ni 6, sio 3√4 ukaiacha hapo wala 6√2. √2 + √2 ni 2√2, sio √4. Na hii ya 6/√3 watu wanaigawa 6 kwa 3 wakaandika √2, hapana, ile 6 iko nje ya ruti na 3 iko ndani, hazigawani moja kwa moja, jibu ni 2√3. Ukiwa na wasiwasi piga zote mbili kwenye kalkuleta: 6/√3 inatoa 3.46, √2 inatoa 1.41, mjadala umeisha.

Kuhusu desimali, swali likisema "jibu kamili" acha ruti. Likisema desimali, badilisha mwishoni kabisa. Wababeli wa kale walishaifanya hii kazi kwa umakini wa kuogopesha, kuna kigae cha udongo kinaitwa YBC 7289, kiko Yale kule Marekani, cha kati ya mwaka 1800 na 1600 KK hivi, kimechorwa mraba na ulalo wake, upande umeandikwa 30, na ruti 2 wameiweka kwa hesabu yao ya msingi wa 60 ambayo ukiigeuza inatoka 1.41421296 hivi, tofauti na ya kalkuleta yako inaanzia desimali ya sita. Sasa wewe unaikata inakuwa 1.4 katikati ya swali, kweli?

Inatoka namba isiyoeleweka

Umegawanya ikatoka 1.08 au 0.93 au hata namba hasi. Hapa sababu ni za nje ya uwiano, na ziko kama tatu.

Angalia kalkuleta kama ulikuwa unatumia sini na kosini. Piga sini ya 30. Lazima itoke 0.5. Ikitoka −0.988 iko kwenye radiani, ikitoka 0.454 iko kwenye gradi, vipimo vingine vya pembe ambavyo sio nyuzi, hiyo herufi ndogo ya R au G juu ya kioo watu hawaitazami kabisa mpaka imeshawatia hasara. Rudisha kwenye D, yaani nyuzi.

Angalia kama pembetatu yenyewe ni ya aina hii kweli. Kuwa na pembe mraba peke yake hakutoshi. Ya 3-4-5 kwa mfano pembe zake ni kama 36.87 na 53.13, hapo hakuna ruti 2 wala ruti 3 ya kuingiza, tumia Pythagoras ya kawaida umalize. Na mtego ninaoupenda: unaona upande mmoja 5 na mwingine 10 unasema aha, mara mbili, hii ni 30-60-90. Ndiyo, kama hiyo 10 ni hipotenusi. Kama 5 na 10 ndo zinazokutana kwenye pembe mraba, basi hipotenusi ni √125, kama 11.18, na pembe ndogo ni karibu 26.57, sio 30. Tafuta kwanza kile kimraba kidogo cha kuonyesha nyuzi 90, na kama hakipo na swali halikusema, huna haki ya kutumia haya yote.

Ya tatu ni kukadiria mapema. Pembetatu ina kimo 6, pembe za kitako ni 45 na 30, tafuta mzingo. Kimo kinaikata vipande viwili. Upande wa 45: kitako 6, mteremko 6√2. Upande wa 30: kimo ndo kinatazamana na 30, kwa hiyo ndo kifupi, kitako ni 6√3, mteremko 12. Jumla 18 + 6√3 + 6√2, inatoka 36.88. Ukitumia 1.7 na 1.4 njiani unapata 36.6, na aliyesahihisha anataka desimali mbili.

Pembetatu mbili zimeshikana

Hapa ndo ile 2 ya tatu niliyoisema. Kwenye mchoro wa namna hii upande mmoja unatumika na pembetatu zote mbili, lakini kazi yake kila upande ni tofauti. Tuseme ya 30-60-90 ina mfupi 4, hipotenusi yake ni 8. Hiyo 8 imeungana na ya 45. Je kule kwenye ya 45 hiyo 8 ni hipotenusi au ni upande wa kawaida? Kama ni hipotenusi, pande zake ni 4√2. Kama ni upande, hipotenusi ni 8√2. Tofauti ni mara mbili kamili. Watu wanadhani ikiwa hipotenusi huku basi ni hipotenusi na kule, sivyo, angalia pembe mraba ya pembetatu ya pili iko wapi. Na usitumie x kwa zote mbili, moja iwe x nyingine y, ukitumia herufi moja utajikuta unaandika 4 = 8 saa nne usiku.

Na kama jibu la kitabu huna?

Basi huna cha kugawia, unabaki na vipimo viwili. Kwanza mpangilio, hipotenusi ndo ndefu kuliko zote, wa 60 ni mrefu kuliko wa 30. Pili Pythagoras: pande zako 3√3, 9 na 6√3, zipandishe kipeo cha pili, 27 + 81 = 108, na 36 × 3 = 108, imekubali. Ila tahadhari, Pythagoras atakubali hata ukiwa umebadilisha 30 na 60, yeye haangalii pembe, kwa hiyo kidole kwenye 30 hakikwepeki.

Jaribu kwenye nati. Spana namba 13 inashika nati yenye mm 13 kati ya bapa na bapa, sasa kona kwa kona ni ngapi, labda unatoboa tundu la kuizamisha. Nati ni pembesita, ndani kuna pembetatu sawa sita, ukikata moja nusu unapata 30-60-90. Ile nusu ya 13, yaani 6.5, ni kimo cha pembetatu sawa, kwa hiyo ni upande wa kati, sio mfupi. x = 6.5/√3, karibu 3.75, hipotenusi 2x ni 7.51, kona kwa kona ni mara mbili yake, 15.01. Ukiichukulia 6.5 kuwa mfupi unapata 26, na 26 gawa kwa 15.01 unajua inatoka ngapi. Nati halisi kona zake huwa zimelainishwa kidogo, kwa hiyo ukiipima kwa kalipa itasoma pungufu ya hiyo 15.01, hapo sio hesabu iliyokosea.